Shangazi, mke wangu ameniacha kwa ajili ya mchicha

Wiki hii nimeandikiwa na mwanamme wa Mishomoroni, baba wa watoto wawili, miaka tisa ya ndoa. Barua ni ndefu, naifupisha. Ati mkewe amemsahau kwa sababu ya bustani iliyo nyuma ya nyumba. Alfajiri akishaswali, kabla hata ya kuteleka chai, yuko kwenye mchicha. Baba akirudi kazini saa moja usiku amkuta na tochi amechutama chini ya mpapai aokota konokono, mikono yanuka samadi, na chai ishapoa. Na kazi yenyewe haiishi, leo kupalilia, kesho kumwagilia, kesho kutwa kupalilia tena. Sasa ataka kuing'oa yote atie kabro, yale matofali ya saruji ya kutandika uwanjani, apate pa kuegesha gari, na ataka nimpe maneno ya kumwambia mkewe "bila ya kuleta vita".

Pole mwanangu. Chai iliyopoa si ya mtu aliyeshinda kazini, hilo nakupa. Na ni hilo moja tu.

Manake hii barua nimeisoma mara tatu na kila nikirudia naona kitu. Mwanzo wasema bustani ni "yake". Alafu huku chini waandika kuwa wewe ndo uliyeianza, mwaka 2020 wakati wa korona, kafyu imekufungia ndani huna pa kwenda jioni, ukatazama video za YouTube ukapandwa na ari, ukanunua jembe na mbegu na mifuko sita ya samadi ya mbuzi. Ukalima wiki tatu. Kafyu ilipolegezwa ukarudi barazani kwa wenzio na jembe ukaliacha palepale lilipoanguka. Nani aliyelinyanyua? Huyo huyo unayemshtaki kwangu. Na gari je? Nimelitafuta barua nzima nikalikuta mstari wa mwisho, "nitakaponunua". Yani wataka kumng'olea mwanamke mchicha ulio hai uegeshe gari ambalo bado liko usingizini mwako!

Lakini sikiza, kidonda chenyewe hakiko hapo. Umeandika haraka haraka, kama mtu apitaye mbele ya duka analodaiwa, kuwa majirani huja kununua mchicha na mnavu, na kuna mama mmoja anayetunga vikuba vya harusi huchukua asumini zake zote, na "siku hizi hata pesa ya matumizi haniombi". Haya. Huna ugomvi na konokono wewe. Umezoea kuombwa, ukajiona mkubwa kila ukitia mkono mfukoni, sasa huombwi na hujui ukae wapi. Mchumia juani hulia kivulini, lakini kwenu yeye achumia juani wewe ndo wala kivulini, na bado wanung'unika kuwa mikono yanuka. Hizo asumini nazo, ule usiku wa kuamkia Ijumaa ziko nyweleni mwake au haziko? Barua haikusema. Kama ziko huna kesi. Kama haziko, jiulize mara ya mwisho ulipomwambia amependeza ilikuwa lini.

Wasema kazi haiishi. Ni kweli haiishi, ungelijua ungekaa na jembe zaidi ya wiki tatu. Ardhi yetu si ya Limuru hii, chini ni mwamba wa matumbawe juu ni mchanga, maji ukimwaga asubuhi ikifika adhuhuri yashazama, samadi ukitia mvua ya masika yaiosha yaenda nayo, watia tena. Ndago ndo usiseme, wang'oa majani kiazi chabaki chini, wiki haiishi washaota tena wakuchekelea. Kunguru hawa wa shingo ya kijivu wafukua miche, mbuzi wa jirani nao waingia wamalizia. Mfereji watoka siku unazotaka wenyewe, na maji ya kisima yana munyu, mchicha ukiyanywa sana majani yaungua kingoni, kwa hivo nina hakika mkeo abeba mitungi na wewe wamuona tu. Na konokono wataka awashike saa ngapi? Mchana wamejificha, hutoka usiku na mvua ikinyesha, ndo hiyo tochi.

Wanaume wa sasa ni mabingwa wa kuanza. Tembea Kisauni uone, kila uwanja una banda la kuku lisilo na kuku. Mmoja ataanza kuku, mwingine sungura, mwingine samaki kwenye tangi, mwezi wa kwanza ni picha kwenye status kila siku, mwezi wa pili kimya, wa tatu mke ndo aosha tangi. Marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, aliniletea njiwa 20 ati tutajirike, nikafagia kinyesi cha njiwa miaka kumi na moja na sikuona hata shilingi. Na wazee wetu hawakuwa hivo wote, babu yangu alikuwa na mnazi wake na mlimao wake na hakuna aliyemgusia. Haya nimeenda mbali, turudi.

Kabro usitie. Kaskazi ikija, Januari hadi Machi, huo uwanja utakuwa tanuri, na masika yakija maji yatakosa pa kuzama yakufuate hadi chumbani. Utakachofanya ni hiki, maji ni kazi yako kuanzia leo, si kumsaidia, ni yako. Weka gata kwenye bati na pipa chini yake umkingie maji ya mvua. Ndago chimba kwa jembe utoe na kiazi, usivute. Chini ya miche tandaza majani makavu udongo ukae na unyevu. Dukari, wale wadudu wadogo wafyonzao majani, wakiingia twanga majani ya mwarobaini, loweka usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo unyunyize jioni jua likishashuka. Na usimwage chumvi kuua konokono kama nilivoona wengine, waua na udongo. Nunua tochi ya pili uokote naye, mutaongea humo gizani kuliko munavyoongea sasa.

Chai jipikie. Kiberiti hakijui mume wala mke.

Kuna neno moja bado lanikereketa. Umeandika fundi wa kabro "ashapima". Fundi gani wa Mombasa apima bure? Wewe ushatoa kitu, na nina hakika kuna kamba imefungwa kwenye huo mpapai. Nenda kaifungue leo kabla mkeo hajarudi sokoni, ya pesa umalizane na fundi wako barazani huko huko. Akiiona kabla yako usiniandikie tena, mimi nitakuwa upande wake.