Risasi ya Gobore Ikae Juu ya Baruti Mpaka Dakika ya Kufyatua

Mwindaji wa gobore, bunduki inayojazwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu, hushindilia asubuhi, kisha hutembea saa nyingi kabla ya kumwona mnyama. Muda wote huo bunduki inatikisika garini, inagongana na matawi, inaning'inia begani mdomo ukitazama chini. Risasi yake haina ganda la kuishika kama za bunduki za kisasa. Inashikwa na msuguano tu, kati yake na kuta za mtutu. Msuguano ukiwa hafifu, inateleza kidogo kidogo kuelekea mdomoni, na kwa nje huoni dalili yoyote.

Hatari iko kwenye pengo hilo. Risasi iliyoachana na baruti inageuka kizuizi ndani ya mtutu, na baruti ikiwaka mtutu unaweza kuvimba au kupasuka, tena karibu kabisa na mkono wako na uso wako. Hata mtutu ukihimili, risasi haiendi ulikoizoesha kwenda, na mnyama anaweza kuondoka na jeraha. Mimi hilo la pili linaniuma sawasawa na la kwanza.

Kinga ya kwanza ni alama kwenye mdeki, ule ufito wa kushindilia. Tumbukiza mdeki kwenye mtutu mtupu, uchore mstari pale unapokutana na mdomo wa bunduki. Kisha shindilia kipimo chako cha kawaida cha baruti na risasi yako ya kawaida, uchore mstari wa pili. Mstari wa kwanza unakuambia mtutu ni mtupu. Wa pili unakuambia risasi imekaa. Ukibadilisha kipimo cha baruti au aina ya risasi, mstari wa pili haufai tena, chora mwingine. Nimewahi kuona mstari wa pili umesimama juu ya mdomo wa bunduki kwa upana wa kidole baada ya mchana wa kupenya vichaka, na bunduki ilikuwa imeshindiliwa vizuri kabisa asubuhi. Tangu hapo napima kila ninapopumzika, na kila ninaposhuka garini.

Kabla ya kuingiza mdeki kwenye bunduki iliyoshindiliwa, ondoa fataki, kile kikofia kidogo kinachowasha baruti. Kama ni gumegume, yaani inayowashwa kwa cheche za jiwe, futa baruti ya kuwashia. Elekeza mdomo mahali salama, na usiinamie mtutu.

Lakini alama inakupa habari tu. Kinachoishika risasi ni kukaza kwake. Kwa risasi ya duara, mtutu wa inchi 0.50 mara nyingi hupewa risasi ya 0.490 iliyozungushiwa kitambaa chenye unene wa kama inchi 0.015. Ukijumlisha kitambaa pande zote mbili unapata 0.520, kupita upana wa mtutu. Ndiyo maana kitambaa kinabanwa na kujaza mifuo ya ndani, ile michirizi inayoizungusha risasi. Ukiona risasi inashuka kirahisi mno, jaribu kitambaa kinene zaidi kabla ya kubadilisha kitu kingine.

Risasi ndefu zenye ncha zinahitaji uangalifu zaidi. Ile ya Minié, iliyoenea katika vita vya katikati ya karne ya 19, ilifanywa nyembamba makusudi ili askari aishindilie haraka, nayo hutanuka kitako inapofyatuliwa. Askari yule alifyatua muda mfupi baada ya kushindilia. Wewe unatembea nayo kutwa. Na zile zinazovalishwa saboti, yaani kikombe cha plastiki kinachoibana risasi ndani ya mtutu, usiamini maandishi ya boksi peke yake, kwa sababu mitutu ya kipimo kimoja hutofautiana kidogo kutoka kiwanda hadi kiwanda.

Jaribio ninalolitegemea hufanyika nyumbani, bila baruti na bila fataki. Safisha mtutu na ufute mafuta yote, maana mafuta ni utelezi. Ingiza risasi mpaka mwisho, weka alama, geuza mdomo chini, kisha gonga kitako kwa kiganja mara kadhaa. Pima tena. Ikiwa imesogea hata kidogo, risasi hiyo haifai kwa mtutu huo. Jaribio lazima lifanyike kwenye mtutu msafi, kwa kuwa masizi ya mlio wa kwanza huifanya risasi ya pili ikaze. Wengi huzoea ule ukazo wa uwanja wa shabaha, kisha huingia porini na mtutu unaong'aa.

Wapo wanaoweka kadi nyembamba ya duara juu ya risasi. Inasaidia, ila mimi napendelea risasi inayojishika yenyewe.

Wenye mitutu miwili wana kazi ya ziada: ukifyatua mmoja, mshtuko unaweza kuisogeza risasi ya mwingine. Ondoa fataki ya ule uliobaki, pima, kandamiza, ndipo ushindilie uliofyatuliwa.

Ukikuta risasi imepanda, irudishe chini kwa mdeki mpaka mstari ukutane na mdomo. Ikikataa kurudi, usiifyatue kwa nia ya kuitoa. Kama bunduki ina kizibo cha nyuma kinachofunguka, kifungue usukume vyote nje. Kama haina, lowesha baruti kwa maji kupitia tundu la fataki, kisha ing'oe risasi kwa parafujo inayofungwa kwenye ncha ya mdeki. Mtutu ukaushe vizuri kabla ya kushindilia upya.