Blarney: neno lililotoka kwenye jiwe

SWALI: Kazini nina mwenzangu Mwayalandi. Juzi niliisifia ripoti yake mbele ya mkuu wetu, naye akacheka, akaniambia niache "blarney". Kamusi yangu ndogo inasema ni sifa za uongo. Je, alinitukana? Na neno lenyewe limetoka wapi?

JIBU: Hakukutukana, ndugu yangu. Blarney ni maneno matamu yaliyotiwa chumvi, tena kwa ufundi hata anayesifiwa hutabasamu huku akijua kwamba anarairaiwa. Ukimvika mtu kilemba cha ukoka, ndani yake mna dharau. Kwenye blarney mara nyingi hamna. Lakini neno hilo lina maana nyingine, porojo tupu, na ukiambiwa hivyo kwa uso uliokunjwa, hapo umeshutumiwa. Mwenzako alicheka.

Blarney ni kijiji karibu na jiji la Cork, kusini mwa Ayalandi. Pana ngome iliyojengwa na ukoo wa MacCarthy mwaka 1446, na juu kabisa ukutani kuna jiwe ambalo inasemekana ukilibusu unapewa ulimi wa asali. Kulibusu kunataka moyo. Unalala chali, unashika vyuma, mtu anakushikilia, kisha unateremsha kichwa kinyumenyume kwenye uwazi mpaka midomo iguse jiwe. Zamani mtu alishikwa miguu akaning'inizwa.

Utasimuliwa kwamba Malkia Elizabeth wa Kwanza, aliyetawala Uingereza kuanzia 1558 hadi 1603, alimtaka Cormac MacCarthy amkabidhi ngome hiyo. Kila alipodaiwa, Cormac alijibu kwa unyenyekevu, sifa na ahadi, na ngome akabaki nayo. Mwishowe Malkia akachoka, akasema hayo yote ni Blarney tu. Kisa kitamu mno, nami nakipenda, ila ni simulizi na nisingekitegemea kueleza asili ya neno.

Namwamini zaidi Francis Grose, aliyetoa kamusi ya lugha ya mitaani ya Kiingereza mwaka 1785. Anaeleza kwamba jiwe lile lilikuwa gumu sana kufikiwa, hivyo kulipanda kulihesabiwa kuwa ushujaa, na wengi walijigamba kuwa wamefika ilhali hawajatia mguu. Ndiyo maana kwake blarney ni kwanza hadithi ya ajabu au uongo. Kusifu kwa hila anakutaja mwishoni, kama matumizi ya mara mojamoja. Leo mambo yamegeuka: sifa zimetangulia, uongo umebaki nyuma. Na hata kabla ya Grose, mwaka 1766, Oliver Goldsmith alimpa jina la Lady Blarney mhusika wa riwaya yake, mwanamke laghai anayejitia bibi mkubwa. Jina lilikwisha kunuka udanganyifu.

Sasa turudi kwenye ripoti. Sifa za jumla, "kazi nzuri sana, hakuna kama wewe", ndizo zinazoitwa blarney kwa urahisi, kwa sababu zinamfaa mtu yeyote. Kama ulimaanisha ulichosema, mrudie mwenzako mkiwa wawili tu, umtajie sehemu ile hasa ya ripoti iliyokuvutia, na kwa nini.