Ukuta wa bustani umetoa tumbo: tuzibe nyufa?

SWALI: Shamba langu la Lushoto liko kwenye mteremko. Nilipenda bustani za ngazi za Machu Picchu, mji wa kale wa Wainka huko Peru, nikajenga ukuta wa mawe wa kimo cha mita 2. Masika hii umetoa tumbo. Fundi anasema Wainka walikuwa na siri ya kubana mawe, kwa hiyo tuzibe nyufa zote kwa saruji na kupiga lipu. Ni sawa?

JIBU: Usizibe, ndugu yangu, na mtu asipite chini ya ukuta huo kwa sasa.

Habari hii ya siri ya kubana mawe naisikia kila masika, na inanikera kwa sababu inaangusha kuta. Mawe yaliyochongwa yakabanana barabara ni ya mahekalu na nyumba za wakubwa. Kuta za matuta ya Machu Picchu, yaliyojengwa katikati ya karne ya 15 enzi za Pachacuti, mfalme wa Wainka, ni mawe yaliyopangwa bila saruji wala rojo, yameegemea mlima kidogo, na maji hupenya katikati yake. Kazi yenyewe iko nyuma. Waliochimba walikuta chini mawe makubwa na mabaki ya uchongaji, juu yake changarawe, kisha mchanga, mwisho udongo wa kupandia. Mvua ya pale hufika karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Hata hivyo, mtafiti Mmarekani Hiram Bingham alipofika 1911 alikuta wakulima wakiendelea kulima baadhi ya matuta hayo.

Maji yakijaa nyuma ya ukuta wako hadi juu, kila mita moja ya urefu wake wa kulala, si kimo, inasukumwa kwa nguvu ya karibu tani 2, mbali na udongo. Ukuta wa kimo cha mita 4 husukumwa mara nne ya hapo. Lipu inayafungia ndani maji hayohayo.

Bomoa sehemu iliyovimba kuanzia juu, toa udongo, panga mawe upya, jaza kokoto nyuma ya ukuta, acha matundu ya kutolea maji, kisha chimba mfereji wa kukinga maji upande wa juu.

Na wengine mnaojenga milimani: fundi akitaja idadi ya mifuko ya saruji kabla ya kuuliza maji yatatokea wapi, mwache. Wauza dawa ya kuzuia maji ya kupaka usoni mwa ukuta nao waacheni. Ukuta mkavu, yaani wa mawe bila saruji, huvimba kwanza, mtu akapata muda wa kuukimbia. Uliozibwa unaweza kuanguka wote usiku mmoja, nyumba ya chini ikiwa na watu.