Nilizuia pesa za matunzo kwa sababu nilizuiwa kumwona mwanangu

Miezi minne sikutuma hata senti. Si kwamba sikuwa nazo. Nilikuwa nazo, nikazikalia, kwa sababu mzazi mwenzangu alikuwa hanipi nafasi ya kumwona binti yetu, na kichwani mwangu hesabu ilikuwa nyepesi: simwoni mtoto, sitoi pesa. Siku ya shauri niliingia mahakamani nimejiandaa kueleza nilivyoonewa. Swali la kwanza la hakimu likawa, "Miezi hii minne mtoto amekula kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Nilianza kueleza habari za simu zisizopokelewa, hakimu akaninyamazisha kwa mkono, akaandika kitu kwenye jalada lake. Kisha akamgeukia mama wa mtoto na kumuuliza ni amri gani iliyompa ruhusa ya kumficha mtoto kwa sababu baba hajalipa. Naye hakuwa nayo. Siku ile tulitoka wote wawili tumeinamisha vichwa.

Tangu hapo watu wengi wanaoachana hunipigia kuniuliza maswali. Mimi si wakili, ni mtu aliyepita njia hiyo akajikwaa kila penye jiwe. Sheria zinatofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo ninayosema hapa hayachukui nafasi ya mtu anayeijua sheria ya unakoishi. Lakini kuna mambo ambayo karibu kila mahali yanafanana, na la kwanza ni hilo lililonitoa jasho: matunzo na kumwona mtoto ni mambo mawili, na moja halilipii jingine.

Sababu yake ni kwamba vyote viwili si mali ya wazazi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao karibu kila nchi duniani imeuridhia (Marekani ndiyo imebaki nje), unasema katika ibara ya 9 kwamba mtoto aliyetenganishwa na mzazi ana haki ya kuwasiliana naye mara kwa mara, isipokuwa kama mawasiliano hayo yanamdhuru. Ibara ya 27 inazitaka serikali zihakikishe mzazi anatoa matunzo, hata akiwa anaishi nchi nyingine. Ukisoma vizuri utaona mwenye haki pale ni mtoto. Mimi nilikuwa namwadhibu mama yake kwa mkate usio wake, na yeye alikuwa ananiadhibu kwa baba asiye wake.

Kwa hiyo ukizuiwa kumwona mtoto, endelea kulipa, tena kwa njia inayoacha kumbukumbu, halafu nenda mahakamani uombe amri ya kumwona itekelezwe. Kama ni wewe usiyelipwa, mwache mtoto aende kwa mzazi mwenzako siku zake zilizopangwa, na udai pesa kwa utaratibu wake: mahakama zina uwezo wa kuagiza mwajiri akate mshahara, kushika mali, na katika nchi nyingi hata kumfunga anayekaidi huku uwezo anao. Inakera, najua. Unamkabidhi mtoto kwa mtu anayekudai heshima huku hajanunua hata daftari. Lakini anayeingia mahakamani amefuata amri upande wake husikilizwa kwa sikio tofauti kabisa na lile nililosikilizwa mimi.

Swali ninaloulizwa zaidi ya yote ni hili: "Mama hupewa mtoto kila mara, si ndiyo?" Wanaouliza hivi huwa ni wanaume waliokwisha kukata tamaa kabla ya kufungua shauri. Historia yenyewe inachekesha. Kwa sheria ya zamani ya Uingereza mtoto wa ndoa alikuwa wa baba moja kwa moja, na mama hakuwa na la kusema. Mwaka 1839 ndipo Bunge lao lilipopitisha sheria iliyomruhusu mama aombe kukaa na watoto walio chini ya miaka saba, baada ya kampeni kali ya Caroline Norton, mwandishi aliyekuwa amenyang'anywa wanawe watatu. Baadaye mizani ikaegemea upande wa pili, ikaonekana mtoto mdogo ni wa mama tu. Mawazo hayo bado yapo katika sheria za baadhi ya nchi, hasa kwa watoto wadogo sana, lakini kipimo kinachotawala leo ni maslahi bora ya mtoto, na mahali pengi jinsia ya mzazi si hoja inayojitosheleza.

Kwa vitendo, maslahi bora maana yake ni maswali madogo madogo. Nani humwamsha? Akiugua usiku nani hukesha? Atabaki shule ile ile? Yupo nani nyumbani akirudi? Kila mzazi yuko tayari kiasi gani kumruhusu mtoto ampende mwenzake? Hilo la mwisho wengi hawalitegemei, na ni zito. Mimi niliulizwa jina la mwalimu wa darasa wa binti yangu. Nikalitaja kwa kujiamini. Lilikuwa la mwalimu wa mwaka uliopita.

Amri ilipotoka, mtoto akabaki kwa mama yake, nami niliona nimepoteza kila kitu. Nilikuwa sijaelewa kwamba ulezi una vipande. Kuna mahali mtoto anapolala, na kuna haki ya kushiriki maamuzi makubwa: shule, matibabu, hati ya kusafiria, dini. Mzazi anaweza kukosa la kwanza akabaki na la pili. Amri yetu ilikuwa imeyaacha maamuzi makubwa mikononi mwetu sote, nami nikakaa karibu mwaka mzima sijui, kwa sababu niliisoma ukurasa wa kwanza tu, nikaukunja kwa hasira. Soma amri mpaka mwisho. Usipoelewa neno, mrudie wakili au karani akueleze kabla hujaondoka pale.

Na mtoto mwenyewe, je, anaulizwa? Anasikilizwa, ndiyo, ibara ya 12 ya mkataba ule inampa haki ya kutoa maoni yake, yapewe uzito kulingana na umri na upevu wake. Ila kusikilizwa si kupiga kura. Mtoto hachagui mzazi, na hakimu hafungwi na alichosema. Hapa nawaomba wazazi wenzangu: msimfundishe maneno. Afisa ustawi wa jamii aliyeongea na binti yangu alituambia baadaye kwamba mtoto wa miaka saba alimwambia, "Baba hatimizi wajibu wake wa matunzo." Hakuna mtoto wa miaka saba anayezungumza hivyo. Maneno yale yalikuwa ya kweli, lakini kwa namna yalivyofika pale yalimharibia zaidi aliyeyapanda kuliko mimi niliyesemwa.

Tuje kwenye pesa zenyewe. Viwango vinapatikana kwa njia tofauti. Kuna nchi zinazomwachia hakimu apime kipato cha kila mzazi na mahitaji ya mtoto. Ujerumani mahakama zake hutumia jedwali maarufu la Düsseldorf, lililopo tangu 1962, linalotazama kipato cha mlipaji na umri wa mtoto. Uingereza wana kanuni ya hesabu inayoanzia kwenye kipato, na mtoto akilala kwa mlipaji usiku 52 hadi 103 kwa mwaka, kiwango hupungua kwa sehemu moja kati ya saba. Utaniambia, "Si ulisema siku na pesa havihusiani?" Vinahusiana wakati wa kupanga, kwa sababu mtoto akilala kwako umemlisha. Havibadilishani baada ya amri kutoka. Ukinyimwa wikendi moja huna ruhusa ya kukata sehemu yake mwenyewe.

Kosa langu jingine lilikuwa kuhesabu zawadi. Nilipeleka mahakamani orodha ndefu: baiskeli, viatu, sherehe ya kuzaliwa, simu. Nilijumlisha nikaona nimelipa kuliko nilivyotakiwa. Vyote vikawekwa kando. Kama amri inasema utoe kiasi fulani cha pesa kila mwezi, baiskeli ni zawadi ya baba kwa mwanawe, na kodi ya nyumba anayoishi haiwezi kulipwa kwa baiskeli. Mkikubaliana kwamba wewe utalipa ada moja kwa moja shuleni badala ya kutuma pesa, liandikwe ndani ya amri. Na pesa za mkononi acha kabisa. Nilishawahi kumpa mama wa mtoto pesa mlangoni, mbele ya binti yetu, na shahidi wangu pekee alikuwa mtoto ambaye sikutaka aitwe. Tuma kwa benki au kwa simu, na kwenye maelezo andika ni matunzo ya mwezi gani.

Ukipoteza kazi, usingoje. Hili ndilo linalowaangamiza watu wema. Mtu anaachishwa kazi, anaona aibu, ananyamaza miezi minane akitumaini mambo yatatengemaa, kisha anakwenda mahakamani na malimbikizo ya miezi minane. Mahakama inaweza kubadilisha kiwango hali ikibadilika, lakini kwa kawaida inatazama mbele, kuanzia ulipoomba. Marekani kuna sheria ya shirikisho tangu 1986 inayozuia mahakama kufuta malimbikizo yaliyokwisha kuiva. Peleka ombi wiki ile ile, ukiwa na barua ya kuachishwa, na wakati unangoja lipa hata robo. Makubaliano ya mdomo na mzazi mwenzako, hata mkiyafikia kwa amani na kicheko, hayaibadilishi amri. Siku mkigombana ataikumbuka amri, atasahau kicheko.

Ambao hawakufunga ndoa huniuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba wameiba kitu. Mkataba wa 1989 unakataza kumbagua mtoto kwa hali ya kuzaliwa kwake, na mzazi ni mzazi. Baba akikana, mahakama inaweza kuagiza kipimo cha vinasaba. Upande wa pili wa shilingi ni kwamba katika baadhi ya nchi baba asiye na ndoa halipati kila fungu la haki za mzazi papo hapo. Huenda akahitaji kuandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa, kusaini makubaliano au kuomba amri. Usingoje mgogoro ndipo uanze kufuatilia karatasi hizo. Na ukioa au kuolewa tena, wajibu kwa mtoto wa kwanza unabaki palepale. Familia mpya inaweza kuzingatiwa katika hesabu, haiwezi kuufuta.

Kuhusu kuhama: usivuke mpaka na mtoto bila ridhaa ya maandishi ya mzazi mwenzako au amri ya mahakama, hata kama unarudi kwa wazazi wako. Mkataba wa Hague wa mwaka 1980 uliwekwa kwa ajili ya hili hasa. Kati ya nchi zilizojiunga, mtoto wa chini ya miaka 16 aliyechukuliwa kinyume cha haki ya ulezi ya mzazi mwingine hurudishwa nchi alikokuwa akiishi, na mahakama za huko ndizo zinazoamua akae na nani. Aliyeachwa akiwahi kuomba kabla ya mwaka mmoja kupita, kanuni ni mtoto arudi, isipokuwa kwa sababu chache, mojawapo ikiwa hatari kubwa kwake. Mwaka ukipita, mwenye mtoto anaweza kujitetea kwamba ameshazoea makazi mapya. Ndiyo maana kuchelewa ni ghali.

Sisi tuliokolewa na usuluhishi. Nasema sisi, si kila mtu: palipo na kipigo au vitisho, usikubali kukalishwa meza moja na anayekutisha ili muelewane. Iambie mahakama mapema, na uombe mtoto aonwe mbele ya msimamizi au mahali salama. Kwetu tatizo lilikuwa kiburi tu. Amri ya kwanza ilisema baba atamwona mtoto "kwa nyakati zinazofaa", na maneno hayo matatu yalitugombanisha kuliko talaka yenyewe, maana zinazofaa kwangu hazikumfaa yeye. Msuluhishi alitukalisha saa tatu tukaandika kila kitu: Ijumaa saa kumi jioni mpaka Jumapili saa kumi na mbili, likizo zigawanywe nusu kwa nusu, simu ya jioni kabla ya kulala, nani anampokea nani akichelewa, na mtu akipata dharura atoe taarifa saa ngapi kabla. Tukarudi mahakamani ikasajiliwa ikawa amri. Magomvi yalipungua kwa sababu hapakuwa tena na cha kutafsiri.

Ukishapata amri yako, toa nakala kadhaa zilizothibitishwa na mahakama. Ijumaa ya kwanza ya ratiba mpya mlinzi wa shule alinizuia getini. Hakunijua, na aliyezoea kumchukua mtoto alikuwa mama yake. Alifanya kazi yake sawasawa, nami karatasi niliiacha kabatini nyumbani. Binti yangu alikaa kwenye benchi ndani ya uzio akinitazama kwa dakika arobaini mpaka mama yake alipopokea simu. Jumatatu nikampelekea mwalimu mkuu nakala moja, nyingine inakaa mkobani mwangu.