Nimeacha mahamri na soda, mbona mizani haishuki?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kisauni na nina duka la nguo Mwembe Tayari. Kliniki waliniambia presha yangu imeanza kupanda, nipunguze uzito. Nilikuwa na kilo 92. Mahamri nikaacha, soda nikaacha, mchana sili kitu, na kila alfajiri nikishaswali natoka kutembea. Wiki ya kwanza nilipungua kilo mbili na nusu, furaha yangu haikuwa na kifani. Sasa ni wiki ya tano. Kila siku napanda mizani ya duka la dawa na haisogei, na juzi ilionyesha nimeongeza kilo nzima. Wifi yangu ananicheka mbele za watu, ati najisumbua bure. Mwenzangu wa duka la pili anataka ninunue kwake chai ya kupunguza tumbo. Usiku najikuta nalia, kisha nakula. Shangazi, mwili wangu umekataa? — Mama Wawili*

Marahaba, mwanangu. Mwili wako haujakataa. Umeamka gizani wiki tano mfululizo, una watoto na una duka la kufungua, na katika barua yako yote sioni hata mtu mmoja aliyekwambia hongera. Basi nakwambia mimi: hongera sana.

Zile kilo za wiki ya kwanza ndizo zilizokupotosha, kwa hivyo nianze nazo. Nyingi zilikuwa maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na maji kama gramu tatu. Ukipunguza chakula ghafla, akiba hutumika na maji yake hutoka na mkojo. Mizani hushuka mbio, na mtu hudhani ndio mwendo wa safari nzima. Maji yakishatulia, kinachobaki kupungua ni mafuta yenyewe, nayo hayana haraka. Kasi ambayo madaktari huiona nzuri ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, na hata hiyo haiji kila wiki.

Kisha maji hayo hayo hurudi na kuficha kazi uliyoifanya. Misuli ambayo haikuzoea mwendo ikianza kutumika hushika maji. Ukila viazi karai na achari usiku, chumvi nayo itayashika, na asubuhi mizani itasoma juu. Siku za kukaribia hedhi wanawake wengi hujaa maji, yakaondoka yenyewe siku zikipita. Uzito wa mtu unaweza kupanda na kushuka kilo moja au mbili kati ya siku na siku bila mafuta kubadilika. Ili uongeze kilo moja ya mafuta hasa, ingebidi ule kalori kama 7,700 juu ya zile mwili wako unazotumia. Wewe hukula hivyo juzi, mwanangu. Hayo yalikuwa maji.

Kwa hivyo nakuomba uache kupanda mizani kila siku. Chagua asubuhi moja ya wiki, kabla ya kula, nguo nyepesi zile zile, mizani ile ile. Wiki ya kukaribia hedhi ilinganishe na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita, usiilinganishe na ya juzi. Na kwa kuwa unauza nguo, futi ya fundi haikupi tabu kuipata: pima kiuno, kati ya mbavu za chini na mfupa wa nyonga, uandike. Kwa mwanamke, hatari ya presha na sukari huanza kupanda kiuno kikifika sentimita 80, na kikipita 88 huwa kubwa zaidi. Mafuta ya tumbo ndiyo yanayotusumbua kuliko ya mapaja, na kiuno huweza kupungua wakati mizani imesimama.

Sasa nifike pale ambapo sikubaliani nawe kabisa. Mchana huli kitu. Unatembea alfajiri, unasimama dukani kwenye joto hili la Mombasa tangu asubuhi, halafu unashangaa usiku ukifika huwezi kujizuia? Ile njaa ya usiku si udhaifu wako. Ni mwili unaodai haki yake, na unadai ukiwa umechoka, watoto wamelala, na sufuria ya wali iko karibu. Naamini huko ndiko zinakorudi kalori nyingi unazozikosa mchana, na huko ndiko kunakotoka machozi. Kula mchana. Kipande cha samaki wa kuchoma na ndimu, mchicha au mkunde, na muhogo wa kuchemsha au wali kidogo. Au mbaazi: zina protini na nyuzinyuzi, zinashibisha na haziwi ghali. Kosa si la mbaazi, ni la tui zito tunalozimiminia bila kipimo. Weka tui jepesi, zito liache kwa siku ya wageni. Mafuta ya kupikia nayo uyapime kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye chupa, kwa sababu kijiko kimoja kikubwa kina kalori kama 120.

Mahamri sitaki uyaache maisha yako yote. Mtu wa Mombasa akijiapiza kwamba hatagusa hamri tena, siku akiligusa atakula sahani nzima kwa hasira. Ijumaa kula moja au mawili na familia yako, ufurahi, na Jumamosi uendelee kama kawaida.

Hukuniambia unakunywa nini badala ya soda, na hilo nataka ulitazame. Soda ya nusu lita ina sukari inayopita vijiko kumi vya chai, nawe ulifanya vyema kuiacha. Lakini wengi wakiacha soda huhamia juisi ya miwa au ya embe iliyotiwa sukari, wakidhani matunda hayana neno. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya juisi, isipite asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya asilimia 5, yaani kama vijiko sita vya chai, ni bora zaidi. Hesabu na ile ya chai ya asubuhi.

Kutembea endelea. Dakika 150 kwa wiki ndicho kiwango cha chini wanachopendekeza hao hao. Alfajiri ikikushinda, shuka kwenye matatu pale Buxton umalizie kwa miguu hadi Mwembe Tayari.

Hiyo chai usiinunue. Nyingi za namna hiyo hutiwa majani ya sanamaki, ambayo ni ya kuharisha, na unachopoteza ni maji na madini, si mafuta. Na kuna jambo zito zaidi. Dawa iitwayo sibutramine iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi, lakini imeendelea kukutwa imefichwa ndani ya bidhaa za kupunguza mwili zinazouzwa kama za mitishamba. Dawa hiyo hupandisha presha. Wewe ulianza haya yote kwa ajili ya presha.

Wifi yako usibishane naye mbele za watu. Mweleze mumeo jinsi maneno yale yanavyokuumiza, na yeye ndiye azungumze na dadake.

Mwezi huu rudi kliniki hata kama mizani haijasogea. Ikiwa unatumia sindano ya kupanga uzazi, waambie, maana kwa baadhi ya wanawake huongeza uzito na kuna njia nyingine. Ikiwa hedhi yako imevurugika, au nywele zimeanza kuota kidevuni, au unachoka na kuhisi baridi kuliko wenzako, waambie pia, wakupime homoni na tezi ya shingo. Na presha yenyewe ipimwe upya. Kutembea na kupunguza chumvi huweza kuishusha katika wiki chache, kabla hata uzito haujapungua, kwa hivyo namba hiyo iulize na uiandike karibu na ya kiuno.