Nimehifadhi, sasa faili halifunguki

SUALI: Assalaam alaykum Maalim. Ninaweka hesabu ya wachumaji wa karafuu shambani kwetu, nje kidogo ya Wete: jina, pishi, pesa. Msimu ukimalizika kijana wangu huyabana mafaili kwa gzip, programu ya kuyapunguza ukubwa. Juzi nilitaka kusahihisha mchumaji mmoja aliyeandikiwa pishi 6 badala ya 9. Nikalifungua faili kwa Notepad, nikaona herufi za ajabu tupu. Nikafuta mbili tatu, nikahifadhi. Sasa halifunguki. Nifanyeje?
— Mama wa Wete

JAWABU: Waalaykum salaam, dada. Hilo uliloligusa liache kama lilivyo, sina njia ya kulirudisha zima. Muulize kijana kama aliwahi kulituma kwa WhatsApp au kuliweka kwenye flashi. Nakala hiyo ndiyo tutakayoifanyia kazi.

Lilikufa kwa sababu gzip haiandiki jina la mchumaji kila linapotokea. Mara ya pili huweka alama tu: rudi nyuma kiasi hiki, nakili herufi kadhaa. Inaweza kurudi hadi baiti 32,768 (baiti moja ni kama herufi moja). Ukiharibu kipande kimoja, vinavyokitegemea navyo vinaharibika. Notepad nayo haikujua inashika nini. Baiti isizozitambua ikazibadilisha, na ulipohifadhi zikaandikwa hizo mbadala. Hata ungefungua na kuhifadhi bila ya kufuta kitu, ungelipoteza.

Nakuelewa vizuri. Zamani nikiwa karani wa ghala Malindi niliharibu namna hiyo hiyo orodha ya mizigo ya mwezi mzima. Nikakaa na wachukuzi, karatasi moja moja, mpaka ikakamilika. Tangu hapo sigusi faili kabla ya kulinakili.

Sasa tumia Vim au Emacs, programu za kuandikia na kusahihisha maandishi. Zote mbili zinalitambua faili la gzip kwa jina lake: zinalifungua, unaona majina na pishi kama kawaida, unasahihisha, na ukihifadhi zinalibana tena zenyewe. Kwa Vim, andika `vim uchumaji.txt.gz` kwenye dirisha la amri (terminal), sahihisha, kisha `:wq` kuhifadhi na kutoka. Kompyuta lazima iwe na gzip yenyewe, maana Vim huiita ifanye kazi hiyo. Kwenye Windows mara nyingi haimo, kwa hiyo kijana aiweke kwanza.

Jambo moja uliangalie sana. Vim huandika kwanza maandishi wazi, ndipo huyabana. Umeme ukizimika katikati, unaweza kukuta faili lina jina la .gz na ndani yake ni maandishi matupu. Usishtuke: liondolee .gz kwenye jina, litafunguka hata kwa Notepad.

Ukimaliza andika `gzip -t uchumaji.txt.gz` kwenye dirisha hilo la amri. Ikinyamaza, faili ni zima.

Na huyo mchumaji, dada, mlipe pishi zake 3 leo. Asingojee kompyuta.