Mafuta bei juu, mbona Juba hela hakuna?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi nauza mahindi hapa soko la Kibaigwa. Mwaka 2024 nilimpa mzigo jamaa wa Juba kwa mali kauli, akaanza kunizungusha, kila nikimpigia ni kaka vumilia, dola huku hakuna, mafuta yetu yamekwama. Na mimi redioni naskia pipa la mafuta limefika dola 80! Alikua ananipiga kamba au?
Mdau wa magunia, Kibaigwa

JIBU: Mdau, deni lako dai, ila kamba sioni. Sudan Kusini, ambayo Juba ndo mji mkuu wake, haina bahari, mafuta yake yanapita kwenye bomba mpaka Port Sudan, ndani ya nchi ya Sudan, na huko vita imeanza Aprili 2023. Februari 2024 bomba kubwa likapasuka sehemu ya mapigano, fundi hafiki, mafuta mengi yakasimama. We mwenyewe unajua, korongo likijaa maji fuso halivuki, alizeti ya kule ndani hata ipande bei vipi mkulima anaishia kuitazama tu gunia zimejaa ukumbini. Na nchi ile karibu kila dola inayoingia ni ya mafuta, sasa jamaa yako angeitoa wapi?

Hata 2012 pipa lilikua juu ya dola 100, lakini Juba wakafunga visima wenyewe, wamegombana na Khartoum, yaani serikali ya Sudan, kuhusu ushuru wa bomba, wakakaa zaidi ya mwaka hawauzi kitu. (Hasira hasara, ila tuyaache.) Walipopatana wakakubaliana malipo yasiyobadilika, kama dola 25 hivi kwa pipa ukijumlisha na fidia ya kuwalipa Khartoum kwa mafuta waliyopoteza Kusini ilipojitenga. Bei ikiwa 100 huoni shida, ila kufika Januari 2016 pipa limeshuka chini ya dola 30, sasa toa hiyo 25 uone kinachobaki, na hapo wana vita yao tangu Desemba 2013 na uzalishaji ushaporomoka. Ni kama nauli ya fuso, mahindi yakishuka dereva hakupunguzii hata mia. Baadae 2016 hiyohiyo ndo Khartoum wakakubali malipo yaende na bei.

Kwahiyo bei ya redioni achana nayo, muulize jamaa bomba linapitisha? Na mzigo mwingine usitoke hapo Kibaigwa mpaka nusu ya hela iwe mkononi.